Ubeti Ulioongezwa

Durita alikuwa na kazi ambayo mama yake mzazi hakuweza kuieleza majirani wakaelewa. "Yuko Dublin, anafuta," alisema kila alipoulizwa. "Anafuta vitu vya mtandaoni." Basi kijiji kizima cha Heltnavík kikampa jina la Mfutaji, na kila aliporudi Visiwa vya Faroe kwa Krismasi hakumaliza siku bila mtu kumsimamisha njiani, mvua ikiwanyeshea wote wawili, amuulize picha yake ilikosa nini.

Na watu walikuwa na haki ya kulalamika. Kundi la nyangumi likiswagwa ghubani na kuchinjwa, maji yote hugeuka mekundu, na watu hupiga picha kama wanavyopiga picha za harusi, wakaziweka mtandaoni. Mashine ya ile kampuni ya mtandao aliyoifanyia kazi Durita ikiuona wekundu ule hufuta, haina maswali. Mzee mmoja alifutiwa picha ya marehemu baba yake akiwa ameshika kisu cha kuchinjia, tena akafungiwa ukurasa wake mwezi mzima. Mwezi huo hakujua feri inaondoka saa ngapi, hakujua nani amekufa, hakujua ibada iko kanisa gani, maana siku hizi mambo hayo yote hutangazwa humohumo na si kwingine. Mimi jambo hili hunipandisha hasira hata leo. Tajiri mmoja ambaye hajawahi kukanyaga visiwa vile amejenga nyumba yake palipokuwa uwanja wa watu, na sasa anayetaka kumwambia jirani yake neno lazima abishe hodi kwake kwanza. Wala tajiri mwenyewe hafungui mlango. Ameajiri watu wa kufungua, na mmoja wao alikuwa Durita.

Aliajiriwa kwa sababu anajua Kidenishi, ambacho watoto wa Faroe hufundishwa shuleni. Kifaroe kilikuja baadaye, kama nyongeza, siku kampuni ilipogundua kwamba kuna watu elfu hamsini na kitu wanaoandika kwa lugha ambayo hakuna mtu yeyote ghorofani anayeisoma. Msimamizi wake, Fergal, Mwairishi mwenye sauti ya upole na tabia ya kula mezani huku akisoma matusi ya watu, alimsogezea kiti.

"Hivi nyie na uchache wenu, mnatukanana kweli?"

"Tunatukanana sana," Durita akamjibu. "Ila asilimia tisini ni habari za kondoo."

Fergal alicheka mpaka akapaliwa. Hakujua kwamba ameambiwa ukweli mtupu.

Maana mambo yote yalianza na kondoo. Hanus wa Heltnavík, aliyesoma darasa moja na Durita katika shule yenye watoto wanane tu, alipeleka dume lake kwenye mashindano ya vuli. Alilitaka kombe. Usiku wa kuamkia mashindano alililisha chumvi, dume likanywa maji mpaka tumbo likakaza kama ngoma, lipate uzito. Lilipopandishwa mizanini mbele ya umati, likaachia. Maji yalikwenda hadi ndani ya viatu vya mwamuzi, na mwamuzi akabaki amesimama vilevile, kalamu mkononi, asijue aandike nini.

Kwa Wafaroe mtu akifanya kioja cha namna hiyo hutungiwa táttur, wimbo wa kumdhihaki. Huimbwa ukumbini, watu wameshikana mikono katika duara, wakikanyaga sakafu kwa pamoja, na mwenye kioja chake huwekwa katikati ya watu wawili wenye nguvu, wamshike asitoroke. Anasikiliza mpaka ubeti wa mwisho. Wimbo ukiisha anapewa kinywaji, kesho yake anasalimiwa kama kawaida, yamekwisha. Ukumbini Heltnavík Hanus alishikwa, akasikiliza, akaiva uso, na mwisho akacheka kuliko wote.

*Dume la Hanus mizani,*
*limeimeza bahari,*
*hakimu vua viatu,*
*kaa mbali na hatari!*

Mtu akarekodi, akaweka mtandaoni. Mashine ikaishuku, ikaipeleka Dublin, na video ikatua mezani kwa Durita asubuhi moja ya Jumatatu. Aliitazama yote, akacheka machozi yakamtoka, peke yake, katikati ya ghorofa iliyojaa watu wanaotazama maiti na matusi. Fergal akaja kuona kulikoni.

"Wanasema nini?"

Durita akamfasiria.

"Sasa huyo si anaonewa? Anatajwa jina, ukumbi mzima unamcheka, tena kuna wawili wamemkamata. Kanuni iko wazi, Durita. Futa."

"Sifuti."

"Unasemaje?"

"Fergal, mmetufutia nyangumi. Mmetufutia babu zetu. Na hii nayo mnataka? Watu wangu wamechekana hivi tangu kabla ya hii kampuni yenu kuzaliwa, kabla hata ya babu wa mwenye kampuni. Mtu anaimbiwa, anacheka, anakunywa, analala. Usinifanyie hivyo, bwana."

Fergal alikuwa mtu mwema. Akamwambia aandike maelezo, yeye atayapeleka juu. Durita alikaa mpaka wenzake wakaondoka, akaandika, na maandishi yale yalikuwa mazuri kuliko chochote alichowahi kuandika chuoni. Majibu yakaja: amekubaliwa. Video ikawekewa alama ya ruhusa, na tangu hapo kila nakala yake iliyopachikwa popote, mashine iliitambua kwa sura na kuipitisha. Durita alinunua keki, akawagawia wenzake meza hadi meza. Miaka mitatu alikuwa ameketi pale akifuta, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kulinda kitu.

Wimbo ukaenea visiwa vyote. Waliouimba sasa hawakumjua Hanus, na Hanus hakuwajua. Vijana walilichora dume kwenye fulana. Mtu wa Denmark aliandika chini yake kwamba Wafaroe wote ndivyo walivyo. Hayo yote Hanus aliyavumilia, kwa sababu yalikuwa ya dume, na kweli dume lilikuwa limekojoa.

Kisha mtu ambaye hakujulikana, na ambaye hajajulikana mpaka leo, akachukua video ileile na kubandika sauti yake mwishoni. Picha ni zilezile, ukumbi uleule. Ubeti mmoja tu uliongezwa.

Novemba ilipokaribia Hanus alimpigia simu Durita. Hakuwa na kawaida ya kupiga; watu wa Heltnavík wakiwa na shida huongea habari za hali ya hewa kwanza, naye aliongea habari za hali ya hewa kwa muda mrefu.

"Durita, ule wimbo," akasema hatimaye. "Wewe si uko huko? Utoe."

Durita akacheka. "Weee Hanus! Mwanamume mzima unaogopa táttur? Dume lako limekuwa maarufu kukushinda, ndicho kinachokuuma."

"Wameongeza."

"Waongeze! Tangu lini táttur ikaisha bila watu kuongeza? Vumilia, kaka. Kufika Krismasi watakuwa na mtu mwingine wa kumcheka. Labda mimi."

Kwamba walichoongeza ni nini, Hanus hakusema. Nadhani hakuweza kulitoa neno lile mdomoni mwake, na mimi simlaumu. Kule kondoo wa kila nyumba ana alama yake iliyokatwa sikioni, na kusema kwamba fulani anakata alama upya ni kumwita mwizi wa kondoo. Mlevi husamehewa, mgomvi husamehewa, hata mzinzi baada ya miaka kadhaa hupata mtu wa kukaa naye kanisani. Mwizi wa kondoo hapati.

"Basi bonyeza pale penye kuripoti," Durita akamwambia. "Wataangalia."

"Nani ataangalia?"

Hapo Durita angeweza kusema, "Ni mimi." Lakini alikuwa ameweka sahihi kwamba hatazungumza habari za kazi yake na mtu yeyote, tena aliona raha kidogo, nisimfichie, kuwa na siri kubwa kuliko kijiji.

"Wahusika," akasema.

Ripoti ilimfikia mezani baada ya chakula cha mchana. Kanuni ya kazi inasema ukimjua mtu, usihukumu shauri lake, mpe mwenzako. Mwenzake nani? Wafaroe wote anawajua, au anamjua binamu yao. Akilisukuma pembeni litaangukia kwa msomaji wa Kidenishi, naye ataona mtu anachekwa, atafuta wimbo na alama ya ruhusa pamoja, na kazi yake yote itakuwa bure. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Akautazama ule ukumbi kwenye picha ya mwanzo ya video, lile duara, Hanus kati ya wale wawili, mambo aliyokwisha kuyaona. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo, kulikuwa na vita mahali. Hakuifungua video. Akabonyeza: haivunji kanuni.

Hanus akaripoti tena. Durita akabonyeza tena, safari hii amekasirika kidogo, akiona rafiki yake anajiaibisha.

Wiki iliyofuata mama yake alimpigia akiwa ndani ya tramu, akamwambia Hanus amekufa.

Alikuwa amepanda mlimani peke yake kuwateremsha kondoo wake. Kazi hiyo hakuna anayeifanya peke yake. Kijiji kizima hupanda pamoja, mtu na mbwa wake, wanapanga mstari na kushuka wakipiga kelele. Ukungu ulishuka mchana, na walipomtafuta walimkuta chini ya genge, upande usio na njia. Alianguka. Hakuna aliyesema vinginevyo, na mimi pia sisemi vinginevyo.

Durita aliomba ruhusa akaenda kuzika. Baada ya kanisa watu walikusanyika kwa Malan, mama yake Hanus, mjane mfupi mwenye mikono mikubwa ya kukamulia. Jiko lilijaa. Kahawa ilimiminwa, sahani za keki zikapita, nyama kavu ya kondoo ikakatwa vipande vyembamba, na wanaume walisimama wakiwa wamejibana ukutani kama wageni, ilhali kila mmoja wao alikwishakula pale mara mia.

"Kwa nini alikwenda peke yake?" Durita akauliza. "Nyie mlikuwa wapi?"

Mzee anayeongoza msako wa kondoo akajibu, macho yake kwenye kikombe.

"Tulishakwenda Alhamisi."

"Bila yeye?"

"Hatukumfukuza, mwanangu. Hatukumwita tu."

"Lakini kwa nini? Kwa ajili ya dume kukojoa?"

Watu wakatazamana. Hata mama yake Durita alikuwa amegeuza uso dirishani.

Malan akaweka birika chini. "Aliripoti mara mbili," akasema. "Alikaa hapo hapo ulipokaa wewe. Wakamjibu haivunji kanuni. Nikamwambia, mwanangu, hao ni wageni, hawajui lugha yetu, hawakuelewa kinachoimbwa. Nikamwambia labda ungekuwa wewe ungeelewa." Akafuta mikono kwenye aproni. "Durita. Huko mko wangapi mnaosoma lugha yetu?"

Angeweza kusema kumi. Angeweza kusema kuna mashine, na asingekuwa amedanganya sana. Jikoni hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye angejua. Aliangalia mikono yake mwenyewe mapajani.

"Mmoja," akasema.

Mama yake Durita alitoa sauti ndogo, akaziba mdomo. Malan alisimama pale alipo, akiyapanga maneno yale kichwani, na yalipomwingia vizuri akavuta kiti, akaketi mbele ya Durita, magoti yao yakagusana.

"Uliusikiliza wimbo wote?"

"Mama Malan..."

"Nakuuliza. Mara mbili alizokuletea. Ulisikiliza mpaka mwisho?"

"Sikusikiliza. Nilidhani naujua. Nitautoa, mama, nautoa leo hii, nampigia msimamizi wangu sasa hivi..."

"Utautoa," Malan akasema. "Baadaye."

Akachukua simu ya mwanawe iliyokuwa kwenye kabati la vyombo, akaibonyeza kwa kidole kimoja taratibu kama wafanyavyo wazee, akaiweka mezani kati ya sahani za keki. Duara likaanza kukanyaga sakafu. Sauti za watu waliokuwemo jikoni zikaimba kutoka ndani ya simu, nao wenyewe wamesimama ukutani vichwa chini, wanajisikia. Dume likapanda mizani, hakimu akavua viatu. Hanus alisikika akicheka. Durita aliujua kila ubeti, na midomo yake ilitaka kwenda nao ingawa yeye hakutaka.

Kisha ikaingia sauti asiyoijua, ya mwanamume, imetulia, haina haraka.

*Kisu cha Hanus ni kimya,*
*hukata alama upya...*

Malan alikuwa ameukariri. Aliutamka pamoja na ile sauti, neno kwa neno, bila kukosea, akimwangalia Durita usoni, na ulipoisha akanyoosha kidole na kuurudisha mwanzo.