Shemeji Alivyoosha Roboti za Japani

Watu wa hapa Gisenyi wananiuliza mbona sigombani na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na yeye alinitenda vile. Nawaambia mi nilishamaliza. Bon, ngoja nieleze.

Kazi yangu ya uzeeni ni vichezeo vya Japani. Usicheke. Roboti za bati, paka wa udongo anayeinua mkono, treni ndogo za zamani. Binti yangu anaviagiza kwa simu, vinafika Kigali, mi navifuata kwa basi. Kiangazi anakuja mama mmoja Mbelgiji, anawanunulia watu wa Ulaya wanaovipanga kabatini wala hawachezi navyo. Shule niliacha mapema kule Goma, sababu ya mwalimu mmoja na fimbo yake. Huyo tumwache, naye nilimpata baadaye.

Shemeji akaona ninakula vizuri, akaagiza vya kwake. Hilo si kosa, kila mutu atafute. Kosa ni siku mama yule ameketi barazani kwangu, ameshika roboti yangu, boksi lake nilikuwa sijalitoa chumbani. Shemeji akaingia bila hodi, akaitazama.

"Madame, hii ni ya Chine."

Kwetu neno hilo, yaani Uchina, linamaliza mtu. Kiatu kikipasuka, ni cha Chine. Bwana harusi akitoroka, naye tunasema alikuwa wa Chine. Mama akaiweka roboti chini kama imemuunguza. Akasema kesho kutwa atapita kwa shemeji. Nikabaki nimeshika trei ya chai, nimevuliwa nguo nyumbani kwangu mwenyewe.

Jioni shemeji huyo tena, hana haya. "Mzee, we unajua hawa wazungu. Huyu anataka nini?"

"Mwenyewe alisema nini?"

"Orijinali tu."

"Bon. Umupe orijinali."

Sasa, sokoni kwetu orijinali ni kitu kipya, kinang'aa, kinanukia duka. Kwa wale wa Ulaya ni kitu ambacho hakijaguswa: kutu yake, vumbi lake, na boksi lake lililochakaa lenye maandishi ya Kijapani. Mi nilijua. Nikamwongezea chai.

Kesho yake nikapita kwake makusudi. Yuko uani na beseni la sabuni, anasugua roboti kwa waya wa sufuria. Paka amepakwa rangi ya kucha. Maboksi yanawaka chini ya sufuria ya maharage.

"Zimetakata, mzee?"

"Sana. Ila hapo kwenye sikio hujafika."

Akasugua sikio.

Siku ya mama kuja, niliwahi kiti kwa shemeji. Mama alipoiona meza ya roboti zinazong'aa akafunika mdomo. "Boksi iko wapi?"

"Nilichoma, madame. Zilikuwa mbaya!"

Machozi yalimlenga, kweli. Akanigeukia mimi: yako iko na boksi? Nikasema iko, tena panya amekula pembeni. Tukaenda kwangu, akayaona maandishi ya Kijapani kwenye lile boksi, akalikumbatia, akaniomba radhi.

Shemeji alinikuta njiani. "Ulijua!"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Wewe ulinyamaza kwangu?"

Siku hizi watoto wake wanaivuta roboti moja ya zile alizosugua kwa kamba kwenye njia ya Rubona. Nikiisikia inavyogonga mawe, natembea polepole, niifaidi sauti yake.