Bahasha Mia Mbili za Naw Tamla

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Naw Tamla Htoo anafungua dirisha namba nne la ofisi ya usajili katika chuo kimoja mjini Saint Paul, Minnesota. Nje theluji imeshika vizuri. Leo ni siku ya mwisho ya kujitoa masomoni bila kuandikiwa kuwa umefeli. Wa kwanza kwenye foleni ni Naw Eh Wah ("Naw" kwao ni kama "Bi"), mama wa watoto wawili anayesomea uuguzi, na fomu ya kujitoa iko mkononi.

Naw Tamla haiangalii fomu.

"Umekuja wakati mzuri, mdogo wangu," anamwambia kwa Kikaren, lugha yao ya Myanmar. "Nina bahasha mia mbili hapa na mgongo umegoma. Ingia unisaidie kuzifunga."

"Dada, nina haraka kidogo."

"Theluji yote hii unakimbilia wapi? Vuta kiti."

Kwa Wakaren, mkubwa akikuomba msaada hukatai. Lakini ukiulizwa kama wewe unahitaji msaada, utasema hapana hata kama maji yamekufika shingoni, maana hutaki kumsumbua mtu. Naw Tamla, mwenye miaka arobaini na tisa, analijua hilo vizuri. Mwaka 2009 alikuwa upande wa pili wa dirisha hilihili.

"Nilileta fomu yangu, karani akagonga muhuri na kunitakia siku njema," anasema. "Nililia kwenye basi mpaka nikapitiliza kituo."

Alirudi baada ya miaka mitatu, akachukua stashahada ya ukarani. Kazi yake inamlipa dola ishirini na mbili kwa saa, na kuwang'ang'ania wanafunzi hakumo kwenye mkataba. Mwaka jana watu arobaini na wanne, wengi wao wasiokijua vizuri Kiingereza, walimletea fomu. Ishirini na tisa walirudi darasani.

Kwenye bahasha ya thelathini hivi, Eh Wah anaanza kusema. Amepata barua ya onyo. Alama zake za kuchangia darasani ni sifuri, kwa sababu hajawahi kufungua mdomo.

"Mwalimu ananiambia niondoke, ila kwa adabu," anasema. "Bora nitangulie, asipate aibu ya kunifukuza."

"Amekwambia hivyo?"

"Sijamuuliza. Nitamuulizaje mwalimu?"

"Kwa mdomo huohuo unaonisemea mimi. Haya, beba hilo boksi, linakwenda ghorofa ya tatu."

Ghorofa ya tatu hakuna anayesubiri bahasha. Kuna ofisi ya Mwalimu Lindgren, anayemfundisha Eh Wah. Eh Wah anasoma jina mlangoni, kisha anamgeukia mwenzake.

"Dada, wewe ni mwongo."

"Sana," anajibu Naw Tamla, na kugonga.

Mwalimu Lindgren anashangaa kusikia habari ya barua ya onyo. Barua hizo, anasema, hutumwa na kompyuta kwa kila mwenye alama pungufu. Yeye hata hajaiona.

"Nilidhani unaelewa kila kitu," anamwambia Eh Wah. "Unasikiliza kuliko wote."

Naw Tamla anatazama sakafu, kwa kuwa hapa hawezi kumsemea mtu.

"Swali la saba la zoezi sikulielewa," Eh Wah anasema hatimaye, kwa Kiingereza cha polepole. "La sita pia. Tunaweza kuanza na la kwanza?"

Mwalimu anamsogezea kiti, na Naw Tamla anaurudisha mlango taratibu.

Ameuomba uongozi wa chuo kwamba, kabla ya barua kutoka, mwanafunzi apigiwe simu kwa lugha ya kwao. Wamemkubalia kujaribu na wanafunzi hamsini kuanzia Januari, na kwa Wakaren mpigaji atakuwa yeye.

"Mimi pia nilikuwa nasomea unesi," anasema akishuka ngazi. "Mwaka ule ningepigiwa simu moja tu, leo ningekuwa na sare yangu. Inaniuma mpaka leo. Lakini Eh Wah ataivaa, na mimi nitakuwa nakwenda kwake kupimwa presha hata kama siumwi."