Pini Saba Kifuani

Fundi Pindo, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa kupinda gauni, alijishonea titi la kushoto yeye mwenyewe. Lile la kuzaliwa liliondoka na saratani, na daktari hakuwa na la kumfariji zaidi ya kwamba roho imebaki. Alichukua kitambaa cha pamba, akakijaza vipande vilivyoanguka chini ya cherehani, akalipachika ndani ya sidiria. Lilikaa vizuri kuliko la kulia, na hakuona haya kulisema.

Aliyeona haya ni mama yake. Majirani aliwaambia binti yake alilazwa kwa vidonda vya tumbo, na neno lenyewe halikutamkwa nyumbani. Pindo akiligusia tu, mama hukumbuka sufuria jikoni. Miaka miwili ikapita hivyo, na ukimya ule ulimuuma Pindo kuliko kovu.

Basi ukumbi wa mtaa ulipotangaza mchana wa wachekeshaji chipukizi, Pindo akajiandikisha. Alimweleza mama waziwazi atakachosema, akamwomba aje. Mama akakumbuka sufuria jikoni. Lakini Jumamosi ilipofika alikuwa safu ya pili, mkoba mapajani, mdomo umefungwa kama zipu mpya.

Pindo alipanda jukwaani. Alipotaja saratani, watu wakainamia viatu vyao. Alipofika kwenye titi la vitambaa, mtu mmoja akakohoa, basi. Mshereheshaji akaanza kutazama saa. Potelea mbali, Pindo akajisemea, akaingia kwenye kisa cha bibi harusi.

Siku hiyo, alisimulia, alikuwa akimrekebishia bibi harusi gauni, pini zimejaa mdomoni. Simu ikalia. Ili apate kuongea, akazichomeka pini mahali pa karibu, moja moja, kifuani pake upande wa kushoto, huku akimhakikishia mteja wa kwenye simu kwamba suruali yake iko tayari, na hata kukatwa ilikuwa bado. Kugeuka, bibi harusi yuko chini, gauni na yeye. Mama mkwe mtarajiwa anautafuta mlango, kwa sababu fundi gani huyu asiyetoka damu?

Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma, cha pili pembeni.

"Pini tano," Pindo akasema, "na mimi nashangaa dada wa watu kapatwa na nini."

"Saba."

Ukumbi mzima uligeuka. Mama alikuwa amesimama, mkoba kwapani.

"Zilikuwa saba," alisema. "Alirudi nazo nyumbani hivyo hivyo. Nilizitoa mimi, wakati nalifua. Ya saba niliipata kwa kidole."

Watu walicheka hadi viti vikasogea. Pindo alikumbuka asubuhi ile alipolikuta titi limekauka vizuri, pini zimepangwa kando yake, akadhani ni kazi ya dada yake. Machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko yote. Furaha ilimjaa mpaka ikabidi ashike kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mama," akauliza, "majirani uliwaambia nililazwa na nini?"

Mama alitazama huku na huku. Nusu ya mtaa ilikuwa mle ndani, na jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa kiti cha tatu kutoka kwake.

"Saratani," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Ya titi. Na mwanangu amepona."

Kisha akaketi, akamwambia binti yake aendelee, watu wanasubiri.