Mikebe ya Rafu ya Juu

Siwezi kuisahau Jumapili ile, mjukuu wangu, siku mama yangu alipoitazama picha niliyoichora na tabasamu likamfutika usoni. Jana ulinionyesha simu yako ukaniuliza, "Shosho, hii ni nini sasa? Mikebe ya supu imepangwa tu hivyo, na watu wanaita sanaa?" Nitakujibu, ila unanijua, jibu langu huzunguka kidogo kabla ya kufika. Vuta kiti. Chai ingali moto.

Nilikuwa na umri kama wako. Tulikaa mtaa wa Baba Dogo, mashariki mwa Nairobi, na mama alikuwa na kioski kilichotazamana na lango la kiwanda. Jioni nilikwenda ukumbi wa mtaa kujifunza kuchora kwa Mwalimu Mutiso, mtoto wa mchonga vinyago kutoka Ukambani, mtu mpole aliyependa utani. Siku moja alikuja na kitabu kisicho na jalada, akatufungulia kurasa za sanaa ya pop. Alisema ni sanaa inayochukua vitu vya watu wote, vya dukani na vya magazetini, na kuvitundika ukutani pale palipozoeleka picha za wafalme.

Akatuonyesha mabingwa wake. Kulikuwa na Mmarekani aliyechora mikebe ya supu, mstari juu ya mstari, yote sawa. Mwenzake alichukua kijipicha cha katuni akakikuza kikajaa ukuta, pamoja na vitone vyake vya wino. Wa tatu alishona baga, ule mkate wenye nyama katikati, kwa kitambaa, kubwa kuliko kitanda chetu. Halafu kulikuwa na Mwingereza aliyekata picha za matangazo akazibandika pamoja zikawa sebule moja iliyojaa vitu vya kutamanisha.

Sisi tulicheka mpaka benchi likatikisika. Tulizoea kuchora Mlima Kenya na twiga wawili chini yake, na tuliamini sanaa ni hiyo. Mimi kwa mdomo wangu mrefu nikasema kama mikebe ni sanaa, basi mama yangu ni msanii mkubwa. Mwalimu hakukasirika. Aliniambia, "Basi nenda kachore rafu ya mama yako. Lakini itazame kwanza kama hujawahi kuiona."

Nikaketi ng'ambo ya barabara nikaitazama. Mama aliuza mafuta ya kupikia kwa kupima, kijiko kwa kijiko, wateja wakija na vikombe vyao. Mkebe ukiisha, aliupangusa, akaurudishia kifuniko, akaupandisha rafu ya juu, picha yake ikielekea barabarani. Ukiwa nje ya wavu wa waya uliona duka limesheheni. Wateja huliamini duka lililojaa, lakini rafu zikionekana wazi huanza kunong'ona kwamba mwenyewe anafunga. Nilikuwa nimeipangusa mikebe ile tangu utotoni, na sikuwahi kuiona kweli hadi siku hiyo.

Nikachora kila kitu. Mikebe ya chini iling'aa, ya juu ilikuwa imepauka, ina kutu kwenye kingo. Mmoja ulikuwa umepoteza kifuniko, nami nikauchora umeinamia mbele kidogo ili ule weusi wa ndani uonekane. Jamani, nilivyojivunia ule weusi! Haikunipitia akilini kwamba nilikuwa nautangazia mtaa mzima siri ya mama yangu.

Jumapili ile picha zetu zilitundikwa ukumbini, na watu wakaja moja kwa moja kutoka kanisani wakiwa bado na vitambaa vyao vya kichwa. Mama alifika pamoja na Mama Nduta, mwenye kioski cha pili pale langoni. Wawili hao waligombania kila mteja, na bado waliazimana sukari. Mama alisimama mbele ya picha yangu akitabasamu. Kisha macho yake yakapanda hadi rafu ya juu, na uso ukabadilika. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, na nikaogopa. Watu wakisema duka la mama limejaa hewa, wangevuka kwenda kwa jirani, na jirani mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo.

Mama Nduta alisogea, akarekebisha miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu. Mama alikuwa ameshageukia mlango.

"Mama Wanza," Mama Nduta akamwita, "kumbe hata wewe?"

Mama akasimama pale pale, na mwenzake akaendelea:

"Yangu ya juu yote ni hewa. Hata zile boksi za sabuni. Kila siku najiuliza, huyu mwenzangu hutoa wapi pesa ya kujaza mpaka juu?"

Mwanamke mwingine akadakia kwamba yeye ana pakiti za majani ya chai alizozijaza magazeti. Wakaanza kucheka, mmoja akimshika mwingine asianguke. Mama alichelewa kujiunga nao, lakini alipoanza, alicheka kuwashinda wote.

Usiku huo tulimenya viazi, kisha mama akasema, "Umechora vizuri, Wanza. Lakini ile mikebe ilikuwa siri yangu. Ungeniuliza."

"Ungekataa, mama."

"Ningekataa," akakubali. "Halafu ungenibembeleza, nami ningekubali. Sasa umeninyima hiyo nafasi."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kiboko. Asubuhi yake nilimkuta ameteremsha mikebe yote mitupu, amewapa majirani wapandie maua, na pale juu ametundika picha yangu. Alisema hiyo haishiki kutu. Wafanyakazi wa kiwanda wakawa wanavuka barabara kuja kuitazama, na wakishavuka hawakosi kununua kitu. Wiki haikuisha kabla Mama Nduta hajaniita nimchoree yake. Nilimwuliza kwanza ni rafu gani hataki ionekane. Akafikiri, akacheka, akasema zote.

Basi jibu lako ndilo hilo, mwanangu. Wale mabingwa walitufundisha kukitazama kile ambacho macho yetu yamezoea kukiruka: mkebe, katuni, tangazo. Usiwacheke kabla hujajaribu. Lakini yule bwana wa supu aliichukua mikebe yake kwenye duka lisilomjua. Wewe utachora Eastlands, mitaa yetu hii, na hapa kila mkebe una mama yake. Tazama kwa makini, chora bila woga, ila bisha hodi kwanza.

Mungu akupe jicho lisilochoka na mkono mwepesi. Akupe pia majirani wanaojua kucheka, maana bila wao mimi ningeacha kuchora Jumapili ile ile. Sasa nenda, na ukitaka kuanza na kabati langu la vyombo, nimekuruhusu. Hata ile sufuria iliyoungua.