Mchumba Wangu Alinipa Regulata Mbovu Ili Nikiogope Kina

Admini, naomba jina langu lisionekane popote. Watu wa nyumbani wakinitambua kwa maelezo, sawa tu, nimechoka kuwalinda.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Oldeani, Karatu. Wazazi wangu ni wakulima. Nilianza na kazi ya mapokezi kwenye loji za huku, baadaye kampuni ikanihamishia hoteli yake ya Zanzibar, na huko nikajifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Sasa ndiyo kazi yangu, naongoza wageni chini ya maji. Nilipomwambia baba kwamba siku hizi nazamia, aliniuliza, "Unazamia Sauzi?" Kwake kuzamia ni kudandia meli bila tiketi. Nilicheka sana siku hiyo. Sasa hivi sina kicheko.

Aliyenifundisha mbizi ndiye mchumba wangu. Nitamwita Kocha.

Kwa msiojua, regulata ndicho kifaa kinachofungwa kwenye mtungi na kukuletea hewa mdomoni. Ikigoma ukiwa chini, umegomewa na pumzi. Muda wote nilikuwa natumia za kituo cha mbizi tunapofanya kazi wote wawili, nikaamua kununua yangu. Nilitaka moja itakayonifaa sasa na wageni, na pia baadaye nikisomea mbizi za kiufundi, zile za kina kirefu na mitungi miwili mgongoni. Nilisoma, nikauliza. Nikataka ya kukazwa kwa skrubu ndani ya valvu ya mtungi, siyo ya kubanwa kwa juu, na iwe inatoa hewa kwa wepesi uleule hata kina kikiongezeka au mtungi ukikaribia kuisha. Pia iwe imezibwa vizuri uchafu na baridi visiingie, na vipuri vyake vipatikane hapahapa nchini.

Nikamwonyesha Kocha. Akaitazama kwenye simu, akanirudishia. "Hii ni ya watu wanaokwenda mita sitini. Wewe unakwenda wapi?"

"Mita sitini," nikamjibu.

Baadaye akaniletea regulata yake ya zamani. "Tumia hii kwanza. Ukiona bado unataka hiyo nyingine, nunua." Nami nikaona ni mapenzi.

Siku ya kwanza kushuka nayo tulikuwa wawili, na juu ya maji ilikuwa nzuri kabisa. Tulipofika karibu mita thelathini pumzi ikaanza kuwa nzito, kama kunyonya uji mzito kwa mrija. Nikaangalia geji, ile saa inayoonyesha hewa iliyobaki mtungini. Nikivuta hewa mshale unashuka, nikiacha unapanda, wakati unatakiwa kutulia. Nikamwonyesha Kocha. Akanipa ishara ya kutulia. Nikamwonyesha tena, akanipa ishara ileile, ananitazama tu usoni. Nilipoanza kuona kiza pembeni ya macho ndipo akanipa mdomo wa akiba wa regulata yake, tukapanda taratibu hadi juu.

Kituoni akawaambia wenzetu kwamba nilipata hofu. "Kina siyo cha kila mtu," akasema huku amenishika bega. Nami nilimwamini, nikawaomba radhi wote.

Lakini ile niliyoichagua niliinunua, bila kumwambia. Nikaja nayo Karatu likizo hii, ambapo pia Kocha na wajomba zake walikuwa wanakuja kwetu kutoa posa. Siku hiyo akaiona kupitia mlango wa chumba changu uliokuwa wazi. Akaniomba tutoke, tukaenda hadi kwenye migomba nyuma ya nyumba.

"Kwa hiyo hukujifunza kitu," akasema.

"Nijifunze nini?"

"Ile niliyokupa nilijua filta yake imeziba. Sikutaka ufe, nilikuwa pembeni yako na hewa ya akiba. Nilitaka uonje tu, uache mwenyewe. Mke wangu hawezi kushinda huko chini na wanaume."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekueleza kwa nini amechelewa.

Nikarudi sebuleni nikayasema yote mbele ya wazee. Kocha akamgeukia baba kwa upole. "Mzee, bado ana hofu ya siku ile. Mnisaidie kumtuliza."

Baba akaniangalia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona. "Mtu aliyekupa hewa yake ndiye unamwita muuaji? Mbele ya wageni wangu?" Posa ikapokelewa nikiwa nimesimama palepale. Jikoni mama akaniambia, "Wanaume wote wana lao, mwanangu. Huyu angalau hanywi."

Kuolewa naye siolewi, hilo msinishauri. Pete nimeshamrudishia. Na wanaojiandaa kuniandikia kwamba alinipenda kupita kiasi, pitieni tu. Mtu akikunyima pumzi halafu akasifiwa kwa kukuokoa, mnayaita mapenzi?

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Kocha bado anafundisha watu wanaoanza. Yeye ndiye anayewafungia regulata, nao hawajui hata mshale wa geji unatakiwa usomeke vipi. Nikimweleza mwenye kituo, Kocha atapoteza kazi, pengine na leseni. Baba ameshanitamkia kwamba nikimharibia yule kijana maisha, nisikanyage tena kwake. Na baba yangu anaumwa, siyo mtu wa kusema nitapatana naye mwakani.

Ushahidi sina, ile regulata mbovu aliichukua siku ileile. Maneno ya kwenye migomba tuliyasikia wawili tu.

Likizo yangu imeisha, natakiwa kurudi kazini, na begi lipo mlangoni. Baba yuko nje anapukuchua mahindi na hajaitikia salamu yangu tangu asubuhi. Wenye kuyajua haya, hasa mnaopiga mbizi na mliowahi kufukuzwa nyumbani, niambieni. Niende moja kwa moja kwa mwenye kituo, au nitoke nje kwanza nikae na baba?