Tundu la Wazee

Kila mzee alipoingia, fundi wa kafe ya intaneti pale Kiomboi aliinama akamwamkia, kisha vidole vyake virefu vikachomeka waya wa kompyuta ya mzee huyo kwenye tundu la kwanza la kisanduku cha kugawia mtandao, lile alilolipanga lipitishe mambo yake kabla ya mengine yote. Vijana walisubiri. Siku ile maombi ya chuo ya Aneth yalikuwa yafungwe saa sita mchana, na kompyuta yake imeganda, kwa kuwa mzee mmoja alikuwa akifungua picha za ng'ombe wa Ulaya.

“Kaka, mzee mwenyewe kalala!”

“Kwani akilala anakuwa kijana?” fundi alijibu, akipuliza vumbi kwenye tundu.

Aneth akamkokota mzee na kiti chake, akamwegesha mbele ya kompyuta aliyokuwa akiitumia yeye Aneth. Fundi akatazama, akanong'ona shikamoo, akahamishia waya wa kompyuta hiyo kwenye tundu la kwanza.