Mashairi ya Kubishana na Mungu, na Wasifu wa Mwalimu Ndomba

Siku ya kwanza kazini nilifika na barua yangu ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu ukungu wa Mbinga mwezi wa saba hulowesha karatasi hata pasipo mvua. Mkuu wa Shule aliisoma, akaigonga muhuri, akanielekeza kwenye ofisi ya Idara ya Lugha. Huko nilimkuta mkuu wa idara, Mwalimu Ndomba, mtu mrefu aliyevaa koti juu ya sweta mbili, akisahihisha daftari kwa kalamu nyekundu. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akauliza natoka wapi. Nikasema Matiri.

"Mmatengo," akasema. "Kwa hiyo unaogopa maji."

"Na wewe Mwalimu, kwa sweta hizo, unaogopa mlima."

Hapo akainua kichwa. Alikuwa Mnyasa wa Kihagara, huko chini ziwani, na alikuwa amekaa nyanda za juu karibu umri wangu wote bila kuizoea baridi. Akaweka kalamu mezani, akaniuliza kama namwamini Mungu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo kikuu na tabia ya kuhoji kila kitu. Nilifikiria kusema uongo, nikaona uvivu. Nikamjibu kwamba sijui, ushahidi haunitoshi.

"Vizuri," akasema. "Basi wewe utafundisha mashairi ya dini. Mimi nitafundisha ya mapenzi."

Akanipa faili la kaki lililojaa karatasi zilizopigwa chapa zamani, nyingine zimelika pembeni. Yalikuwa mashairi ya Kiingereza ya miaka kama mia nne iliyopita, ya kikundi kidogo cha washairi ambao baadhi yao walikuwa mapadri. Waliandika juu ya mambo matatu: mapenzi, imani na kifo. Mtaala ulitudai tufundishe ushairi, haukututaja hao. Lakini yeye alikuwa amewaingiza kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mwaka mzima unaoonyesha wiki gani kitafundishwa nini, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiliidhinisha azimio, hakuna aliyemzuia.

Nilimuuliza kwa nini asiyeamini afundishe ya dini. Akasema mtu anayeamini akifika kwenye ubeti mgumu hukimbilia jibu, na mimi nisingekimbia kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia. Nikamuuliza na yeye je, kwa nini ya mapenzi. Akasema ana mke kwa miaka thelathini. Mapenzi hayaamini tena, anayajua tu.

"Na ya kifo?"

"Hayo tutayafundisha mwisho wa muhula, sote wawili. Hakuna mwenye uzoefu."

Wanaoandika kumbukumbu za kazi kwa kawaida wana mvi. Mimi bado sina, lakini somo nililolifundisha shuleni pale limekwisha, na walimu wapya wananiuliza lilifundishwaje. Kwa hiyo naandika.

Msingi wa kazi yetu ulikuwa kitu ambacho Mwalimu Ndomba alikiita mlinganisho wa mbali. Mshairi wa kawaida husema mpenzi wake ni ua, na kila mtu anakubali kabla hajafika mwisho wa mstari. Washairi hawa walichukua kitu cha karakana, cha ramani au cha mganga, kitu kisichohusiana kabisa na mapenzi, kisha wakabishana kama wakili mahakamani mpaka ukakiri kwamba kinahusiana. Hawakuomba uhisi kitu. Walitaka wakushinde kwa hoja, na hisia zije zenyewe baadaye.

Tulikuwa hatuwaanzishii wanafunzi kwa mashairi. Tuliwaambia kila mmoja alete kitu cha nyumbani kwao na athibitishe kwamba mapenzi, au imani, ni kitu hicho. Wengi walileta maua na nyota, tukawarudisha. Kijana mmoja wa kidato cha tano akasimama akasema mapenzi ni ngoro, yale mashimo tunayolimia Wamatengo kwenye miteremko. Darasa likacheka. Akaendelea bila kutabasamu: majani unayafyeka, unayapanga, unayafukia, na mtu anayepita haoni ila udongo. Yanaoza humo ndani, ndipo mahindi yanapata chakula, na mvua ikija shimo linashika maji, mlima hauondoki. Kwa hiyo, akasema, mapenzi yanayoonekana juu bado hayajafukiwa. Mwalimu Ndomba aliandika kwenye daftari lake maksi ambayo sijawahi kumwona akiitoa tena.

Msichana kutoka Lipingo alisema imani ni kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani, siku ya mawingu. Nilimuuliza itakuwaje jua lisipotoka. Akasema, "Madam, wanaoza. Lakini ukikaa nao kwenye ndoo wanaoza vilevile." Niliandika sentensi hiyo kwenye andalio langu la somo.

Wakubwa hawakutuelewa sana. Mwalimu wa Taaluma, aliyekuwa mtu wa hisabati, alikuwa akisimama mlangoni na kuuliza kama mambo haya yanatahiniwa. Mwalimu Ndomba alimjibu kwamba yote yanatahiniwa, ila tarehe ya mtihani haijatangazwa. Wakaacha kusalimiana kwa wiki nzima.

Mwaka wangu wa tatu mzazi mmoja alileta malalamiko. Binti yake alikuwa amemwambia nyumbani kwamba Madam amewafundisha kubishana na Mungu. Ilikuwa kweli. Katika mashairi yale padri anamlalamikia Mungu, anamwamuru, anamuuliza maswali ambayo mtu hamuulizi bosi wake. Mkuu wa Shule aliniita, nikajitayarisha kufukuzwa. Mwalimu Ndomba, ambaye kwao Kihagara alikuwa mzee wa kanisa la Anglikana, akaingia nyuma yangu bila kuitwa. Akamwambia mzazi kwamba kubishana na mtu asiyekuwepo ni wazimu, kwa hiyo binti anayebishana na Mungu amekwisha kukiri kwamba yupo. Mzazi akaondoka ameridhika. Mimi nilikasirika, nikamwambia kwenye korido kwamba ile haikuwa maana yangu.

"Najua," akasema. "Ilikuwa yangu."

Tulifanya kazi pamoja miaka sita, kisha akafikisha miaka ya kustaafu, akateremka Kihagara na sweta zake ambazo huko chini hazina kazi. Nami nikawa mkuu wa idara. Mwaka uliofuata alinipigia simu akaniambia ana saratani ya ini, kwa sauti ileile aliyotumia kutangaza ratiba. Akaniomba nikienda likizo nimpitie, kuna kazi ya kuandika.

Nilishuka hadi Mbamba Bay, nikaunganisha gari, nikamkuta barazani ameegemezwa kwa mito miwili. Alikuwa amepungua hata kola ya shati ilimzunguka kama ya mtu mwingine. Mkewe, Mama Lameki, alinipa maji ya kunawa na ugali kwa samaki, akatuacha. Kazi yenyewe ilikuwa wasifu wake.

Msomaji anajua wasifu wa marehemu ulivyo. Unasomwa kabla ya kuzika: kuzaliwa, shule, vituo vya kazi, ndoa, watoto, kuugua, saa ya kufa. Kisha unafungwa kwa yale maneno ya siku zote, kwamba aliyetoa ndiye aliyetwaa na jina lake lisifiwe. Kwa kawaida mtu mmoja wa familia huuandika harakaharaka asubuhi ya maziko. Mwalimu Ndomba hakuweza kuvumilia wazo hilo. Alitaka uandikwe angali na kalamu nyekundu.

Nilisoma rasimu yangu. Alikata "mcha Mungu" akasema hakuna ushahidi. Nilipofika kwenye "mwenye upendo kwa wote" akauliza, "Kwa wote? Mwalimu wa Taaluma umemsahau?" Akakata. Kisha, mahali pa kuugua, akachukua karatasi akaandika mwenyewe, polepole, herufi zikipanda na kushuka: *Katika ugonjwa wake aliogopa kifo, na alibishana na Mungu kila siku.*

Nilimwambia sentensi kama hiyo haisomwi makaburini.

"Ndiyo maana makaburini watu husinzia."

Nikamwambia basi nitaisoma, lakini ile ya kufungia sitaiweza, kwa sababu siiamini.

"Nani kakuomba uiamini?" akasema. "Mimi ndiye ninayeiamini, na siku hiyo sitakuwa na sauti. Wewe unayo. Isome vituo vyake vizuri."

Nikamwahidi kusoma zote mbili. Wiki tatu baadaye akafa.

Nilifika Kihagara asubuhi ya maziko. Uwanja wa nyumba ulijaa: watu wa kanisa, majirani, wanafunzi wake wa miaka yote, wengine sasa ni walimu wenye vitambi. Lameki, mtoto wake wa kwanza, ambaye ni afisa kilimo, alinipokea kwa heshima akanipa karatasi iliyochapwa upya. Nikaisoma nimesimama. Kila kitu kilikuwemo ila sentensi ya kuogopa. Mahali pake paliandikwa kwamba alivumilia ugonjwa wake kwa imani.

"Tumeipunguza kidogo, Madam," akasema. "Muda."

Nilimwambia baba yake aliiandika kwa mkono wake na mimi nilimwahidi. Akaacha habari ya muda. Akasema baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Nikisema mbele ya watu kwamba aliogopa kufa, kesho ufukweni watauliza alikuwa na jambo gani la kuficha, na mama yake ndiye atakayebaki kuishi na maneno hayo, si mimi nitakayepanda gari kurudi Mbinga.

Hoja yake ilikuwa nzuri. Nimezoea kubishana, lakini hapo nilizilinganisha tu karatasi mbili mkononi, yake na ya baba yake. Nikisoma ya mtoto, nimemdanganya mwalimu wangu mbele ya jeneza lake. Nikisoma ya baba, nimemwachia mjane mzigo ambao sikuwa na haki ya kumtwika. Mwishowe nikaona kuna mtu mmoja hajaulizwa.

Niliomba ruhusa kuingia ndani. Mama Lameki alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake wenzake, miguu ameinyosha. Nikapiga magoti, nikampa pole, nikamwambia kuna sentensi moja ya Mwalimu inayobishaniwa. Akasema nisome. Nikaisoma kwa sauti ya chini.

"Nani kakuambia hivyo?"

"Yeye mwenyewe, mama. Ni mwandiko wake."

Akaichukua karatasi akautazama ule wino mwekundu. Lameki alikuwa amekwisha kusimama mlangoni.

"Ni kweli aliogopa," Mama Lameki akasema. "Alikuwa akinishika mkono mpaka vidole vinakufa ganzi. Sasa, binti yangu, kama utasema aliogopa, sema na mimi nilikuwepo. Usiwaambie watu kwamba aliogopa peke yake."

Nikatoa kalamu yangu nikaandika palepale, juu ya goti: *na mke wake alimshika mkono.* Lameki akasema, "Mama." Mama akamwambia aniache nisome.

Nilisoma nimesimama kando ya jeneza. Kwenye vituo vya kazi watu walikuwa wakikohoa na kusogeza viti kama kawaida. Nilipofika kwenye kuogopa, kukohoa kukaisha. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa amefumba macho tangu mwanzo, akayafumbua akanitazama, na akaendelea kunitazama hadi nikamaliza habari ya mkono. Kisha nikafika kwenye sentensi ya mwisho. Niliisoma jinsi ninavyosoma ubeti mbele ya darasa, nikishika kila kituo, na sauti yangu haikukatika. Watu wote wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilikunja karatasi nikampa Padri.

Watu ufukweni walisema, ndiyo. Lameki aliniambia baadaye kwamba walichosema zaidi ni juu ya mama yake, na kwamba wajane wawili walikuja kukaa naye wakamweleza mambo ya waume zao ambayo hawakuwahi kumweleza mtu.

Miaka miwili baada ya hapo shule iliondoa tahasusi yetu, yaani mchepuo wa lugha wa kidato cha tano na sita, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wakipungua na walimu wa sayansi walihitaji vyumba. Faili la kaki nilipewa mimi. Sikutaka kuanza upya shule nyingine, nikaacha kazi. Walimu vijana wanaoniuliza kama mashairi yale yalinibadilisha hutaka niseme nimeokoka, au niseme nimethibitisha kwamba hakuna kitu. Sijafanya lolote kati ya hayo. Ninachoweza kuwaambia juu ya kazi hii ni kwamba usimpe mwanafunzi shairi unalokubaliana nalo. Utalieleza vibaya.

Siku hizi nina steshenari mjini Mbinga: kompyuta mbili, mashine ya kutoa nakala, bahasha. Watu huleta wasifu wa ndugu zao kuchapwa. Mwezi uliopita walikuja ndugu wawili kutoka Lipingo, mama yao amefariki, karatasi yao inasema alifariki akiwa amezungukwa na familia yake yote. Nilichapa hadi hapo nikasimama, nikawauliza kama walikuwepo.

Wakatazamana. Mdogo akasema hawakuwepo; walikuwa wanavuna mpunga, na waliporudi mchana walimkuta amekwisha kupoa. Nikawauliza niandikeje basi. Nilikuwa tayari kuandika lolote watakaloniambia, hata lile la kwanza.

Mkubwa alifikiri, kofia mkononi.

"Andika alifariki mchana, sisi tukiwa shambani," akasema. "Na andika kwamba shamba lenyewe lilikuwa lake."